Daftari la Zamu

Jumamosi, 1 Juni 2024

Daftari hili limenusurika. Lilikuwa chini kabisa ya mkoba wangu wa kazi siku nilipokabidhi vitu, halijaandikwa hata ukurasa mmoja, na hakuna aliyelidai. Kila ukurasa umepigwa mistari yake: stesheni, saa ya kufika, saa ya kuondoka, sababu ya kuchelewa. Nimejaza mistari hiyo tangu 1988, Dar es Salaam hadi Kigoma, Tabora hadi Mwanza, na leo nimeketi nayo barazani kwangu Kihonda, sina pa kufika wala pa kuondoka.

Nimeamka saa 9 usiku kama mtu aliyegongewa dirisha. Nikalala chali, nikatega sikio. Hakuna aliyegonga. Nimetimiza miaka 60, barua ya kustaafu iko kabatini, ila mwili haujui kusoma. Saa 10 nikapapasa upande wa pili wa kitanda nikakuta shuka baridi. Mwanga ulikuwa unapenya chini ya mlango wa jikoni.

Kwamba mke wangu anauza vitumbua, nilijua siku zote. Nilijua kama abiria anavyojua kwamba treni ina breki.

Nikaingia, nikaomba chai. Akanionyesha chupa kwa kidevu, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Nikatafuta sukari. Kopo la kwanza, chumvi. La pili, hamira. La tatu, misumari.

“Sukari iko wapi?”

“Iko palepale.”

“Palepale wapi, mama?”

Akageuka, akanitazama kidogo, kisha akacheka hadi akaweka kijiko chini. Sukari iko kwenye ndoo ndogo ya rangi iliyoning’inizwa nyuma ya mlango, kwa sababu ya sisimizi, na imekuwa hapo tangu tulipohamia nyumba hii mwaka 1997.

Sababu ya kuchelewa: dereva hajui njia.


Jumanne, 4 Juni

Maji ya mgao yamekuja saa 7 usiku. Mimi nilirukia bomba mara liliposikika, nikaweka dumu, likajaa tope. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, khanga mabegani, ametulia tuli.

“Liache likohoe kwanza,” akasema. “Likikohoa mara tatu ndipo yanakuja maji safi.”

Likakohoa mara tatu. Tumejaza mapipa mawili na madumu 11, nami nimejua leo kwa nini madumu mengine yamefungwa uzi mwekundu shingoni. Ya uzi ni ya kunywa na ya kukorogea unga. Yasiyo na uzi ni ya kuogea na kufulia. Mara ngapi nimerudi kutoka safari nikanawia miguu maji ya uzi mwekundu, na hakuna aliyeniambia kitu!


Alhamisi, 6 Juni

Kosa.

Jana mke wangu alikwenda Soko la Chifu Kingalu kununua nazi na iliki. Mimi, mtu wa utaratibu, nikaona niinue heshima ya jiko. Nikapigilia misumari ukutani, nikatundika miko kwa urefu wake, nikapanga makopo kwa ukubwa, nikahamishia chuma cha vitumbua rafu ya juu. Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikajipongeza, kama msimamizi aliyekagua yadi ikampendeza.

Alirudi, akatazama, akasema “ahsante.” Hiyo ahsante nilipaswa kuisikia vizuri.

Saa 10 alfajiri umeme ukakatika. Nikasikia jikoni kitu kimeanguka, kisha kingine, kisha kimya. Nikawasha tochi nikaenda. Nikamkuta amesimama katikati ya jiko lake mikono imenyooka mbele kama kipofu aliyeshushwa kituo asichokijua.

“Baba watoto,” akaniambia, taratibu, “mimi jiko hili nalipika gizani. Huu mkono unajua. Wewe umeuhamisha mkono wangu.”

Vitumbua vimechelewa dakika 20. Vijana wa bodaboda, ambao huja saa 12 kasoro, walikunywa chai kavu wakaondoka. Mmoja akanisalimia, “Shikamoo mzee, karibu nyumbani,” na sijui kama ilikuwa salamu au kejeli.

Nimetumia siku nzima kurudisha vitu mahali pake. Yeye ameketi kwenye kigoda akinielekeza: “Kushoto. Zaidi. Hapo.” Misumari nimeing’oa, matundu yamebaki.


Ijumaa, 14 Juni

Leo treni ya umeme imeanza kuchukua abiria, Dar es Salaam hadi Morogoro. Nimekwenda kuitazama. Sikumuaga mtu, nilivaa kofia nikatoka kama naenda dukani.

Nilisimama na watu wengine mbali kidogo na uzio. Ilikuja kwa sauti ya upepo tu, ikapunguza mwendo bila kukoroma, ikaingia stesheni kama mtu anayevua viatu mlangoni. Nauli ni shilingi 13,000, na safari haifiki saa mbili. Mimi kwa reli ile ya zamani, ambayo Wajerumani waliifikisha hapa Morogoro mwaka 1907, nilikuwa nikitoka Dar es Salaam mchana nafika hapa giza limeshaingia, na hapo hatujakutana na ng’ombe wala na maji. Reli yetu ina upana wa mita moja kamili, hii yao milimita 1,435. Ukisimama kati ya vyuma hivyo viwili huoni tofauti kubwa. Ukiwa juu yake kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, nadhani utaiona.

Niliumia? Niliumia kidogo. Niandike hivyo, daftari ni langu. Kijana aliyekuwa ameketi mbele kwenye chumba cha dereva alikuwa na shati jeupe. Shati jeupe!

Nilirudi saa 5. Mke wangu alikuwa anachambua mchele.

“Ikoje?” akaniuliza, maana Kihonda hii hakuna siri.

“Haina harufu.”

Akapepeta ungo mara mbili. “Basi mke wa dereva wake amepumzika,” akasema. “Mimi harufu ya dizeli nimeifua miaka yote hiyo, na bado iko kwenye mto wako.”

Nimekwenda kunusa mto. Ni kweli.


Jumatatu, 17 Juni

Idi ya kuchinja. Jirani zetu wametuletea sahani ya pilau na nyama, imefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa, imebebwa na mtoto wa kike aliyevaa gauni lenye nyota za kumetameta. Nilikula, nikaosha sahani vizuri, nikaikausha, nikamwambia mke wangu naenda kuirudisha.

Alinizuia mlangoni kama askari wa geti. Sahani ya jirani hairudi tupu. Akatia vitumbua sita, akatazama, akaongeza viwili.

Nimeuliza sahani ile ina historia gani. Kumbe mwaka wowote ule haikai nyumba moja zaidi ya wiki. Krismasi hutoka kwetu na wali wa nazi na kuku, hurudi na tambi. Ramadhani hutoka kwao na uji wa pilipili manga, hurudi na ndizi mzuzu. Ina ufa mmoja upande wa ua, na hakuna anayekumbuka kama kwa asili ni yao au yetu. Ina safari nyingi kuliko mimi na haijawahi kustaafu.


Ijumaa, 21 Juni

Kipupwe kimeshuka kutoka Uluguru. Asubuhi mlima hauonekani, wingu limekaa hadi kiunoni, na akina mama wanaoteremka na matenga ya kabichi na njegere kutoka Mgeta wamejifunga khanga mbilimbili. Nikatafuta koti langu la kazi, lile zito la bluu. Kabatini halipo. Kwenye sanduku halipo. Nikashuku mwanangu wa kiume, ambaye hata hivyo yuko Mbeya.

Nimelikuta jikoni. Limevalishwa ndoo.

Mke wangu huloweka mchele saa 8 mchana, jioni anaupeleka kusagwa, na saa 4 usiku anachanganya tui, sukari, iliki na hamira, anafunika. Usiku wa joto unga huumuka wenyewe. Usiku wa kipupwe unagoma. Basi ndoo inavalishwa koti langu, vifungo vyote vinafungwa, mikono inazungushwa nyuma na kufundikwa fundo. Ukiingia jikoni gizani utadhani kuna mtoto mnene amelala kwenye kona.

“Tangu lini?”

“Tangu walipokupa la pili.”

La pili nilipewa zamani sana. Hili la ndoo ndilo la kwanza, na lile la pili, ambalo ndilo nililokuwa nalitafuta, lilikuwa limefunika nazi. Nimelichukua. Linanukia iliki mfukoni.


Jumatatu, 24 Juni

Tarehe hii huwa sipendi inikute nyumbani. Kila mwaka nimekuwa njiani, na mwaka ambao sikuwa njiani nilijifanya nimeitwa.

Ilikuwa Jumatatu kama leo, mwaka 2002. Treni ya abiria ilishindwa mlima pale Igandu, kabla ya kufika Dodoma. Breki hazikushika, ikaanza kurudi kinyumenyume, mwendo ukakua, ikaja kugonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu zaidi ya 280. Mtu ambaye hajaendesha treni husoma habari hiyo kama ajali. Aliyeendesha anaijua kwa kiganja: ule muda mkono umeshavuta na chuma hakijajibu.

Mimi nilikuwa Tabora, kwenye nyumba ya mapumziko ya madereva, nangoja zamu ya kurudi. Njia ikafungwa. Nilirudi kwa mabasi ya kudandiadandia, nikafika Alhamisi. Nilikula, nikalala, na wiki iliyofuata nikapanda injini. Hatukuizungumza. Mimi nilidhani namsitiri yeye.

Leo mchana nilisukuma sahani. Akasema, “Ni ile siku.” Hakuuliza. Akaingia chumbani, akavuta boksi la viatu kutoka uvunguni, akaniwekea mapajani.

Ndani yake ni madaftari ya shule, yale ya kurasa 48, yamefungwa kwa mpira kwa makundi. Ni hesabu za vitumbua tangu 1998. Kila siku ina mstari: mchele kilo ngapi, nazi ngapi, mafuta, mkaa, nani anadaiwa, nani kalipa. Na pembeni kabisa, kwa penseli, herufi. K. Siku kadhaa mbele, R. Kisha K. Kisha R. Nilifungua daftari la kwanza, la tatu, la kumi; zimejaa ukingoni kama mataruma ya reli.

“K ni nini?”

“Kaondoka.”

Nikatafuta mwaka 2002. Tarehe 20 Juni, K. Tarehe 23, mchele kilo 3, fundi seremala anadaiwa. Tarehe 24, mchele kilo 9. Tarehe 25, kilo 9. Tarehe 26, kilo 9.

“Kilo 9 ulimuuzia nani?”

“Sikuuza,” akasema. “Tulikuwa tumekaa stesheni, wake za watu wa reli na ndugu wa abiria. Redio inasema hiki, mtu anasema kile. Treni za nani, zamu ya nani, hakuna anayejua. Mikono ilikataa kukaa. Nikawa narudi nyumbani, nasaga, nachoma, napeleka. Watu hawakuwa wanakula, ila walikuwa wanashika. Kitu cha moto mkononi.”

Tarehe 27, R. Siku hiyo hakuna mchele, hakuna mkaa, hakuna deni la mtu. Tarehe 28: mchele kilo 3, hamira, nazi mbili, soda moja ya baba.

Soda hiyo naikumbuka. Ilikuwa baridi, niliinywa pale mlangoni huku nikitazama mlima, na nikafikiri tu kwamba nimesikia kiu.


Jumanne, 25 Juni

Sina la kuandika. Nimenunua soda mbili.


Jumapili, 30 Juni

Baada ya misa nilitangaza kwamba nataka kujifunza kuchoma. Binti yetu alikuwa kwenye simu, nikasikia anacheka kwenye spika. Mama yake hakucheka. Alinitazama kama bwana stesheni anayemkabidhi kijana mgeni taa.

Chuma kina matundu saba. Unaweka tone la mafuta kila tundu, unangoja mafuta yaanze kutetemeka lakini yasitoe moshi, unamimina unga hadi kukaribia ukingo, unaacha. Kingo zinakauka kwanza, kati kunabaki maji. Hapo ndipo unageuza, kwa kijiti, kwa mzunguko mmoja wa kiganja. Ukiwahi, kitumbua kinapasuka. Ukichelewa, unapata jiwe.

Niliwahi. Kisha nikachelewa. Kisha nikageuza vizuri kimoja, nikapiga kelele, na wakati napiga kelele sita vingine vikaungua. Matokeo ya saa nzima: vitumbua 41, vinavyolika 12, na kimoja kati ya hivyo 12 ni cha mviringo.

Kumbe moto wa mkaa una hatua zake kama injini. Mtungi wa gesi tunao, binti alituletea, uko safi kabisa, umevishwa kitambaa, hutumiwa mgeni akija ghafla. Nilipouliza kwa nini vitumbua havipikwi hapo nilijibiwa kwamba gesi inachoma chini tu, haizunguki. Nikanyamaza. Sasa hivi ninanyamaza vizuri jikoni.

Jambo moja limenikaa kichwani. Saa 8 mchana, vya asubuhi vikiwa vimeisha na hesabu imefungwa, yeye anapima kilo 3 nyingine na kuzimwagia maji. Leo ameuza vizuri, analoweka. Siku ile umeme ulipokatika na vijana wakaondoka na chai kavu, aliloweka. Nimepekua daftari la 2002: hata siku zile tatu, kila saa 8, maji kwenye mchele. Hajawahi kungoja aone kesho itakuwaje ndipo aloweke.


Jumatano, 10 Julai

Barazani kwetu kuna mazungumzo ya wastaafu. Sisi ni wanne: wawili wa reli, mmoja mwalimu, mmoja alikuwa kiwanda cha nguo. Mada ni kikokotoo cha mafao. Kila mmoja ana peni, kila mmoja ana jibu lake, na mwalimu, ambaye alifundisha hisabati, ndiye anayekosea mara nyingi. Kisha kila mmoja anaeleza atakavyofanya na fedha zake. Wa kiwanda atafuga kuku. Mwenzangu wa reli atanunua bajaji tatu. Nami nikasema, kwa sauti ya mtu aliyefikiri, kwamba nitanunua lori dogo.

Mke wangu alikuwa ndani anakuna nazi. Sauti ya mbuzi ikakoma.

Usiku akaniuliza lori la nini. Nikaanza kueleza: mahindi ya Gairo, vitunguu, mchele wa Ifakara. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akasema yeye ana jambo analolitaka tangu 2011. Dirisha.

Anauza vitumbua mlango wa mbele, kwa hiyo kila mteja akija anatoka jikoni, anapita sebuleni, anafungua, anarudi, na mafuta huku yanaungua. Anataka ukuta wa jikoni unaotazama njia utobolewe dirisha lenye ubao wa kuwekea sahani. Na chuma cha pili, kama fedha itabaki. Fundi alishamwita, akapima, akamtajia bei, aliiandika. Zamu yake ya mchezo wa akina mama ni mwezi huu wa Julai, hizo fedha zinatosha nusu.

“Na kwa nini hukuwahi kuniambia?”

“Kila ukirudi ulikuwa umechoka.”

Bati la nyumba hii, nimejua usiku huohuo, lilitoka kwenye mchezo. Ada ya binti kidato cha tano na cha sita, mchezo. Mimi nilikuwa naleta mshahara, ndiyo, naye anasema bila mshahara mchezo usingesimama. Lakini nimetembea miaka mingi nikijiona ndiye injini, na mabehewa yananifuata. Lori nimelifuta. Wale wazee wenzangu sijawaambia bado.


Alhamisi, 25 Julai

Treni ya umeme leo imeendelea hadi Dodoma. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Nikaisikia ikipita, sikuinuka. Nazi ilikuwa katikati, na ukiacha katikati inakuwa nyeusi pembeni.

Aliyeniona nimekaa juu ya mbuzi ni mwalimu. Kesho baraza zima litajua.


Jumanne, 30 Julai

Dirisha limetobolewa. Vumbi kila mahali, hata ndani ya chupa ya chai. Fundi alipotoa tofali la mwisho mwanga wa saa 4 uliingia ukagonga ukuta wa pili, mahali pale nilipong’oa misumari, na matundu yote yakaonekana. Mke wangu amesimama nje, njiani, akaegemea ubao kama mteja, akanitazama ndani.

“Shikamoo, babu. Vipo?”

“Havijaiva.”

“Basi nitangoja.”

Alingoja kweli, dakika nzima, mikono juu ya ubao, anatazama jiko lake kutoka upande ambao hajawahi kulitazama.


Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Binti na mjukuu wamekuja na treni mpya, wamefika bado chai ni ya moto. Mjukuu ana miaka sita, amejaa habari: milango inafunguka yenyewe, choo kinafyonza, mashamba nje yalikuwa yanakimbia. Akaniuliza mimi niliendesha ipi. Nikampeleka kwenye reli ya zamani, tukakaa juu ya jiwe. Tulingoja sana. Mwishowe ikaja ya mizigo, polepole, inakoroma, moshi juu. Alihesabu mabehewa hadi 20, akachoka, akaomba tuondoke.

“Babu, hii inakwenda wapi?”

“Kigoma.”

“Itafika lini?”

“Itafika.”

Hakuridhika na jibu. Maonyesho hatukwenda, mama yake alilala mchana kutwa, maana huko Dar es Salaam halali. Tumemwacha. Bibi yake alipita mara tatu kufunga pazia vizuri ili jua lisimfikie usoni.


Jumatatu, 12 Agosti

Wageni wameondoka jana jioni. Binti kabeba nazi nne, kana kwamba Dar es Salaam hakuna nazi.

Saa 9 usiku nikaamka, kama kawaida yangu, ila safari hii niliweka mguu chini kwanza kabla kitanda hakijalia. Nikamfunika. Nikafunga mlango wa chumba kwa kuuinua kidogo, ndivyo usivyopiga kelele, nimejifunza.

Jikoni sikuwasha taa. Nilitaka kujua kama mkono umeanza kujua. Kiberiti, palepale. Mkaa, palepale. Nikafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, nikafunua ndoo: unga umeumuka hadi shingoni, unapumua mapovu madogomadogo. Nikawasha moto, nikachochea, nikangoja ushike. Chuma cha kwanza nilikiharibu, kama desturi. Cha pili kikatoka. Saa 12 kasoro nikasukuma ubao wa dirisha, na nje kulikuwa na vijana watatu wa bodaboda na mtoto wa shule mwenye sweta la kijani na shilingi 1,000 kiganjani.

“Shikamoo babu. Bibi yuko wapi?”

“Marahaba. Amelala.”

Wakatazamana wote wanne. Mtoto akachungulia sahani.

“Vya leo vina mafuta,” akasema.

“Vina mafuta kidogo.”

“Nipe vitano.”

Nikamfungia kwenye gazeti. Kijana wa bodaboda akachukua sita, akauma kimoja palepale, akatafuna huku ametazama juu kama mtu anayepiga hesabu, akaongeza viwili. Nikageukia chuma, nikamimina saba vingine, nikapepea mkaa upate nguvu, maana foleni ilikuwa inakua na wa mwisho alikuwa ameshawasha pikipiki.

Sauti ikatoka chumbani, nzito ya usingizi, mlango bado umefungwa:

“Moto umezidi!”